Kitendawili Kilichomtuliza Kiboko

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini? Pakawa mto. Juu ya mto pakawa mtumbwi mwembamba kama ganda la kunde, na ndani ya mtumbwi pakawa watoto wasiotulia.

Sogeeni basi. Mwenye kujikuna ajikune sasa, mwenye kwenda uani aende sasa, maana mtumbwi wetu ukishaondoka hauna pa kushukia. Na nikisema "Tuli!" ninyi mnijibu "Tulii!" Tujaribu. Tuli!

Tulii!

Wewe unayechokonoa mkeka, sikukusikia. Tuli!

Tulii!

Haya, twendeni.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado hawajachoka kusemezana na watu, alikuwako mwanamke huko bonde la Rufiji, jina lake Somoe. Mumewe aliitwa Ngwele, mtu wa maneno machache na mikono mirefu. Mungu akawapa watoto watatu. Wa kwanza Sikudhani, binti mwenye ulimi. Wa mwisho Kidawa, kadogo, kana meno manne na kilio cha mkutano mzima. Na katikati yao, kama kokoto ndani ya kibuyu, Mtulia.

Jina hilo alipewa na bibi yake siku aliyozaliwa, kwa kumwombea dua. Dua ikaondoka, ikapotea njia. Mtulia alitambaa kabla hajajua kukaa, akakimbia kabla hajajua kutembea. Ukimwambia kaa, anakaa kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Huku mguu, huku kiwiko, huku shingo. Somoe alikuwa akimfunga nguo huku anatembea, maana ukingoja asimame utamvisha kesho.

Sasa, watu wa kule wana desturi yao. Mvua zikikaribia hufunga nyumba, hupakia kila walicho nacho mtumbwini, wakavuka kwenda kulima mpunga ng'ambo. Hukaa huko juu ya dungu, kibanda cha nguzo ndefu, wakiamia na kufukuza ndege mpaka mpunga uive. Na safari yenyewe ni ya asubuhi mpaka jua la utosi, kwa kuwa mto ule una mikono na visiwa na kona. Si mto wa kuruka.

Na mtumbwi si kitanda, wanangu. Mtumbwi ni gogo lililochimbwa. Ukipiga chafya vibaya, linakujibu.

Mwaka uliotangulia Mtulia alikuwa amemwona mdiria, yule ndege anayechupa majini kuvua samaki. Akasimama. "Mama! Ndege kazama!" Mtumbwi ukainama, kanda la mbegu likaenda kumfuata ndege. Ndege aliibuka. Mbegu haikuibuka. Mwaka ule walikula ming'oko, viazi vya porini, asubuhi ming'oko, jioni ming'oko, hata mbwa wao akiona jembe linatolewa, anaondoka zake kimya kimya.

Kwa hiyo mwaka huu Ngwele aliweka kanda la mbegu katikati ya mtumbwi, akalifunika mkeka, akalitazama, kisha akamtazama Mtulia, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya kinu.

"Mama Sikudhani," alisema, "mbegu ni hii tu. Huyu abaki kwa dada yangu mpaka mavuno."

Somoe akaacha kufunga mizigo. "Baba Sikudhani, wifi yangu ana kisima hakina mfuniko. Mtulia na kisima hicho watajuana siku ya kwanza."

"Na mtumbwi je? Wao hawajuani?"

"Niachie mimi. Nitamtuliza."

"Utamfunga kamba?"

"Sitamfunga."

"Basi sikiliza. Akiutikisa mtumbwi, nakuonya. Akirudia, nakuonya. Mara ya tatu nageuza, namshusha kwa shangazi yake. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umekubali?"

"Nimekubali."

Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana unakubali upesi. Somoe akapanda, Kidawa mapajani, Mtulia katikati ya magoti kama mtungi, Sikudhani mbele yao, na mbele kabisa tenga la kuku. Ngwele akakaa nyuma na kafi lake. Chubwi, chwaa. Chubwi, chwaa.

Kijiji hakijapotea machoni, sauti ikatoka. "Mama, tumefika?"

"Bado."

"Sasa je?"

"Bado, mwanangu."

"Na sasa?"

Somoe alijua la kufanya. Mdomo ukiwa na kazi, miguu hulala. Akafungua kifurushi cha muhogo wa nazi, chakula cha safari nzima, akawagawia. Wakala. Loo, walikula! Muhogo ulikwisha kabla ya kona ya kwanza. Mtulia aliyelamba vidole akataka kuvinawa, akainama ukingoni, mkono wote ndani ya maji mpaka begani. Mtumbwi ukalala ubavu.

"Mama Sikudhani!"

"Nimeona! Mtulia, tuli!"

Tulii!

Ahsanteni. Chubwi, chwaa.

Muhogo umekwisha na kona bado ni nyingi. Sikudhani akaanza kumfinya Kidawa, Kidawa akaanza kupiga king'ora, na magoti ya Somoe yalikuwa yanauma kwa kumbana Mtulia, maana kumbana yule ni kubana kambale. Somoe akaona, hawa dawa yao ni hofu. Akashusha sauti.

"Humo chini mna jini. Anakula watoto wanaotikisika."

Watoto watatu kimyaaa.

Kisha Mtulia akauliza, "Yuko upande gani?"

"Upande... upande wa kulia huko."

Ala! Wote watatu kulia! Hata Kidawa mwenye meno manne alitaka kumwona jini. Kuku wakapiga kelele, mtumbwi ukanywa maji, Somoe akashika kifuu akawa anateka na kumwaga, anateka na kumwaga, na Ngwele nyuma anasema kwa sauti ya chini, ile ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Mama Sikudhani. Hiyo ya pili."

"Nimehesabu," Somoe alijibu. "Watoto, tuli!"

Tulii!

Akamwaga maji mpaka mtumbwi ukakauka. Akapapasa chini ya mkeka. Mbegu kavu. Lakini mbele yake kona ilizaa kona, na Mtulia alikuwa ameanza tena kupiga ngoma kwa visigino kwenye gogo la mtumbwi. Ta-ta-ta. Ta-ta-ta. Na jua ndiyo kwanza linapanda. Alikiona kile kisima kisicho na mfuniko kana kwamba kimewekwa ndani ya mtumbwi.

"Sikilizeni," alisema upesi. "Atakayetulia mpaka ng'ambo nitampa jogoo."

"Jogoo yupi?" Mtulia alidakia.

"Utakayemtaka."

Basi si akaenda kumchagua! Aliteleza kutoka magotini kama sabuni, akapita juu ya Sikudhani, akafika kwenye tenga, mtumbwi huku, mtumbwi kule, yumba! yumba! Ngwele akahesabu ya tatu. Aliingiza kafi majini upande wa kulia ili ageuze.

Mtumbwi haukugeuka.

Akavuta tena. Mtumbwi haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Kisha ukaanza kupanda. Ukapanda juu taratibu, kama mtoto anayebebwa mgongoni, maji yakabaki chini, na kafi la Ngwele likapiga hewa.

"Nani," ilisema sauti kubwa kutoka chini yao, "nani anayepiga ngoma juu ya paa langu?"

Mnajua ni nani. Ndiye. Mama Kiboko, mwenye kilindi kile, mgongo mpana kama uwanja wa kuanikia mpunga.

Somoe akainamisha kichwa. Mtu akikutwa nyumbani kwa watu hana budi kuwa na adabu. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Nimeuliza nani."

Kabla hawajajibu, maji yakapasuka pembeni, kikatoka kichwa kidogo chekundu chekundu. Ndama. "Mama! Hao kina nani? Mama, wana mikia? Mama, na mimi nipande? Mama, mbona yule hana nywele? Mama, nipande?"

"Tulia!" Kiboko aliguruma.

"Lakini mama..."

"Nimesema tulia!"

Somoe akaigeukia sauti ile. Ilikuwa kubwa kama radi, lakini aliitambua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Bi Mkubwa," aliuliza polepole, "mwanao huwa analala?"

"Alale nani?" Kiboko alishusha pumzi, mtumbwi ukapanda ukashuka. "Tangu nimzae huyu sijafumba jicho. Leo ndiyo kwanza amesinzia, mkaja nyinyi. Ta-ta-ta! Ta-ta-ta! Sasa mimi nasema hivi. Wa kwenu kamwamsha wa kwangu. Basi wa kwenu ashuke, acheze na mwenzake, mimi nilale."

"Ashuke wapi?"

"Huku chini."

"Binadamu hapumui majini, Bi Mkubwa."

"Atazoea."

Ngwele alishika kafi kama rungu. Somoe akamtazama kwa jicho, Ngwele akashusha kafi. Rungu kwa kiboko ni sawa na kijiti kwa mlima. Mtulia mwenyewe alikuwa amerudi magotini kwa mama yake haraka kuliko alivyotoka.

Somoe akawaza. Vitisho? Wa kumtisha yule hajazaliwa. Chakula? Muhogo umekwisha. Ahadi? Jogoo mmoja kwa kiboko hafiki hata kwenye jino. Ujanja wake wote alikuwa amewamalizia watoto wake. Akamwangalia yule ndama anavyoruka, kiboko anavyopepesa macho mekundu ya kukosa usingizi, akakumbuka jioni za kule ng'ambo, juu ya dungu, jinsi watoto wanavyonyamaza mtu akisema neno moja tu.

"Sawa, Bi Mkubwa," alisema. "Ila kwetu mtoto haombwi hivi hivi. Ana ada yake."

"Ada gani?"

"Vitendawili. Tunakutegea vitatu. Ukitegua vyote, mtoto ni wako. Kimoja kikikushinda, unatupa mji."

"Mji gani?"

"Asiyejua jibu hutoa mji. Ndiyo kawaida tangu babu na babu. Na mji wenyewe uwe wako, si wa jirani."

"Mimi mji wangu ni kilindi hiki."

"Basi huo huo. Utahama."

Kiboko akacheka, ha! ha! maji yakapiga kingo zote mbili. "Nimekaa humu tangu mto huu ukiwa kijito. Kipi kinachopita hapa nisikijue? Tega!"

Sikudhani, mwenye ulimi, hakungoja kuambiwa. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Analamba mto kutwa, kiu haimwishi."

Kiboko hakukohoa hata. "Kafi! Linanipita juu ya kichwa kila siku."

Sikudhani akajificha nyuma ya tenga la kuku.

Somoe akajikaza. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango, na mvua ikinyesha hujaa kabla ya mtungi."

"Mtumbwi!" Kiboko alisema. "Matumbo ya mitumbwi nayajua kuliko la mume wangu. Kimebaki kimoja. Mtoto avue kanzu, italowa."

Hapo Somoe akaishika kanzu ya mtoto isivuliwe. Akatafuta kitendawili kichwani, hamna. Akatafuta vya mama yake, hamna. Kichwa kilikuwa kitupu kama ghala la mwezi wa njaa. Alimkumbatia Mtulia kwa mikono miwili.

"Mama," Mtulia alinong'ona. "Mimi ninacho."

"Nyamaza."

"Mama, ninacho."

"Mtulia!"

"Mama, wallahi ninacho."

Somoe akainamisha uso kumtazama, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mtulia amekaa. Viganja juu ya magoti, visigino vimelala, macho yameganda mahali pamoja. Akarudisha mawazo nyuma. Tangu neno "kitendawili" litamkwe, mtumbwi haukutikisika hata mara moja.

"Tega, mwanangu," alisema.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wakikaa, tunakwenda. Wakienda, tunazama."

Kiboko akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Magogo."

"Siyo."

"Mawe!"

"Siyo."

"Mamba! Mamba akikaa..."

"Siyo, Bi Mkubwa," alisema Mtulia kwa heshima.

"Wakikaa, tunakwenda," Kiboko alirudia. "Wakienda... Hebu ngoja. Usinisemeshe. Wakienda, tunazama." Akamgeukia ndama wake amwambie atulie, lakini hakukuwa na wa kuambiwa. Ndama alikuwa amesimama kimya majini, pua nje, macho nje, masikio mawili yamechongoka.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Mama, hebu nyamaza kidogo," alisema ndama. "Nafikiri."

Jamani! Mama Kiboko alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama mvua ya kwanza. Kimya. Tangu azaliwe, kimya! Akaogopa hata kupumua, asije akakiharibu kimya kile.

Somoe alikiona, akakidaka. "Umeshindwa, Bi Mkubwa? Toa mji."

"Nani kashindwa?" Kiboko alinong'ona kwa hasira. "Mimi nihame kilindi changu? Nafikiri tu."

"Basi fikiri. Haraka haraka haina baraka. Kitendawili hakiozi. Sisi tuko hapo ng'ambo, ukipata jibu tuite, tutakuja."

"Na mtoto je?"

"Na mji je?"

Kiboko akapiga hesabu. Akisema hajui, anahama. Akisema anajua, aseme. Kwa hiyo hakusema. Akazama taratibu, mgongo ukapotea, mabega yakapotea, yakabaki macho na pua na masikio, kama ya mwanawe. Mtumbwi ukakaa juu ya maji laini kama yai kwenye majani. Ngwele akaingiza kafi, kimya kimya, kama mtu anayeiba nazi kwa mama mkwe. Chubwi. Chwaa. Chubwi. Chwaa.

Tuli!

Tulii!

Kona ikapita, kona ikapita. Hakuna aliyeuliza kama wamefika. Sikudhani anatazama mbawala kandoni mwa mto, midomo inamchezacheza. Kidawa kalala. Hata kafi nyuma lilikuwa linakwenda, linasimama, linakwenda, na uso wa Ngwele umekunjana kama kanzu iliyokamuliwa. Mara, pwa! Mtumbwi ukagusa mchanga.

"Tumefika?" Ngwele aliuliza, naye ndiye mpiga kafi.

Walishusha mbegu kwanza. Kavu, inacheza mkononi kama shanga. Walishusha kuku, wakashusha kinu, na Mtulia, mguu wake ulipogusa nchi kavu, akafyatuka! Alizunguka shamba, akapanda dungu, akaruka kutoka dungu, akabingirika kwenye majani. Somoe alimwacha. Nchi kavu haizami.

Lakini Ngwele alikuwa bado amesimama mtumbwini, peke yake, kafi mkononi.

"Mtulia. Hebu njoo." Mtoto akaja anahema. "Jibu lake ni nini?"

"Umeshindwa, baba?"

Ngwele akamtazama mkewe. Somoe akatazama ndege. Hakuna msaada.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Ngwele akakuna kidevu. Mji gani wa kumpa mtoto aliyetaka kumwacha nyuma? Akatazama huku na huku, mwisho akagonga kafi kwenye kichwa cha mtumbwi, pale mbele kabisa, palipokuwa na tenga la kuku.

"Nakupa hapa. Kuanzia leo utakaa mbele. Utatuangalizia magogo."

Mtulia akavuta pumzi, akasema kama wasemavyo wakubwa: "Nikaenda mji wangu wa mbele. Nikakaribishwa, nikapewa kiti, nikaketi, na mji ukaenda. Wenyeji wakaniuliza, ni nini hao, wakikaa, tunakwenda, wakienda, tunazama? Nikawaambia: ni watoto ndani ya mtumbwi. Ni sisi, baba."

Ngwele akahesabu vichwa vya wanawe. Kisha akacheka. Alicheka kwa tumbo, akacheka kwa magoti, akacheka mpaka mtumbwi ukayumba huku, ukayumba kule.

"Baba, tuli!" alipiga kelele Sikudhani.

Amechelewa. Pwaa! Ngwele huyo majini, kafi huko, kofia huko, na Somoe amekaa chini ya dungu anafuta machozi ya kucheka kwa ncha ya kanga. "Baba Sikudhani! Hiyo yako ni ya kwanza. Nakuonya!"

Mpunga ukaota, ukachanua, ukaiva, na ming'oko mwaka ule waliachiwa nguruwe. Siku ya kurudi mtumbwi ulijaa magunia mpaka maji yalikuwa kiganja kimoja tu kutoka ukingoni, na Mtulia amekaa mbele katika mji wake, hatikisiki, anatega, wengine wanategua. Walipofika kwenye kilindi wakaona macho mawili, pua, masikio. Na pembeni macho mawili madogo, pua ndogo, masikio madogo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," aliita Somoe. "Umepata jibu? Au tukwambie?"

"Msinambie!" alisema Mama Kiboko.

"Msituambie!" alisema ndama. "Tunakaribia!"

Wakapita.

Na mpaka leo, ukienda mtoni utawaona viboko. Hawatikisiki. Macho nje, pua nje, masikio nje. Mara sikio linachezacheza, hapo jibu limemjia. Mara anazama mzima, hapo amekumbuka kwamba siyo. Ukipita usiwaambie, maana siku watakayojua jibu, watakuja kudai mtoto.

Mtumbwi wangu umegusa mchanga, ngano imeshuka. Njema yake chukueni mkapande. Mbovu yake niachieni mimi, nitawapa kuku.

Na sasa, wewe wa kwenye mkeka, ruksa. Tikisika.